Macho ya Kioo na Macho ya Moshi

Wewe ninayekusimulia haya nakuweka kwenye kundi la wale wanaoingia kwangu kwa mlango wa uani, wakanikuta na kanga ya kupikia nisikimbilie kubadilisha. Kwa hiyo sitajipamba. Nitaanza na kompyuta, na utajiuliza kompyuta inahusiana nini na mama mkwe wangu. Vumilia kidogo, tutafika.

Ilikuwa miaka ya tisini, kuelekea mwisho. Makampuni ya kutafuta dhahabu yalikuwa yamejaa upande wetu wote, kuanzia Geita mpaka huku Kahama. Kila ukipita barabarani unapishana na Landkruza imejaa vumbi na mifuko ya udongo. Kampuni moja, ndogo tu, ilipanga nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi pale Nyasubi ikaifanya ofisi, na mimi nikapata kazi ya upigaji chapa. Kazi yenyewe ilikuwa kuingiza namba kwenye kompyuta: namba ya mfuko wa udongo, mahali ulipochukuliwa, kina cha shimo, na majibu ya maabara yakirudi. Namba tupu, kutwa nzima.

Nilikuwa nimeshavuka arobaini. Darasani mchana niliishia la saba. Mengine yote niliyasoma jioni, mtoto mgongoni, kwenye madawati ya shule ya msingi ambayo ukikaa magoti yanagonga ubao. Kiingereza changu kilikuwa cha jioni na upigaji chapa wangu wa jioni. Leo hilo halinisumbui. Wakati ule nilikuwa nikiingia ofisini nikawakuta vijana waliotoka chuo kikuu, najiona kama nimevaa gauni la kuazima na mwenyewe yupo hapo hapo ananiangalia.

Mume wangu alikuwa anachimba dhahabu na wachimbaji wadogo upande wa Geita, anarudi siku anayoweza. Safari moja alirudi na mama yake. Alimtoa kijijini kwao, huko upande wa Songwa, na kabegi kamoja na chungu alichokataa kukiacha.

"Hapa mjini hakuna mambo yale," mume wangu aliniambia. "Nakuachia mama yangu."

Mambo yale ni haya. Mama mkwe alikuwa na macho mekundu. Kule kwao kuni zimekwisha siku nyingi, watu wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka na miti ya pamba, na mwanamke aliyeinamia moshi huo tangu usichana wake macho yanakuwa mekundu hata akilala wiki nzima. Kila mtu anajua. Lakini ng'ombe wakianza kufa, au mtoto wa mtu akiugua ghafla, kila mtu anasahau anachokijua. Wanaanza kutafuta mchawi, wanahesabu bibi gani ana macho mekundu. Jirani yake mmoja, mwanamke wa rika lake aliyekuwa akipanda naye mpunga, alikatwa mapanga ndani ya nyumba yake. Baada ya hapo watu wakaanza kumwangalia mama mkwe wangu wakati anapita. Hawasemi kitu, wanamwangalia tu. Ndipo mwanawe akaja kumchukua.

Kwa hiyo nilikabidhiwa roho ya mtu. Nataka ulijue hilo tangu sasa, ili uelewe kwa nini ninachokwenda kukueleza kinanichoma mpaka leo.

Sasa kompyuta. Tulikuwa na kioo kidogo, cha zamani. Siku moja meneja akaagiza kipya, kikubwa, inchi kumi na saba, akaja fundi kutoka Mwanza kukifunga. Kilikuwa kizito kama gunia la mahindi, mgongo umetokeza nyuma, ikabidi wanaume wawili wakibebe. Fundi alipomaliza kuunganisha nyaya akaniita.

"Mama, si wewe ndiye unakaa hapa? Basi njoo uchague mwenyewe ukubwa wa picha. Mimi nikiondoka nimeondoka."

Kuchagua ukubwa wa picha, kama hujawahi, ni hivi. Picha ya kwenye kioo imetengenezwa kwa nukta. Ukitaka nukta chache, kila kitu kinakuwa kikubwa lakini vinaingia vitu vichache. Ukitaka nukta nyingi, vinaingia vitu vingi lakini kila kimoja kinakuwa kidogo. Fundi alinionyesha za aina tatu. Ya kwanza, mia nane kwa mia sita: herufi zilikuwa kubwa, nzuri, kama za kitabu cha darasa la kwanza, ila jedwali langu liliingia nusu, nusu nyingine mpaka nilivute. Ya pili, elfu moja ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane. Ya tatu, elfu moja mia mbili themanini kwa elfu moja ishirini na nne: hapo jedwali zima likaingia, safu zote kuanzia namba ya mfuko mpaka majibu ya maabara, ila namba zimekuwa kama chawa wa kuku.

Mjiolojia wetu, kijana wa Dar mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Nilipokuwa bado naitazama ile ya kwanza, ile yenye herufi kubwa, akacheka.

"Hiyo fundi toa. Hiyo ya bibi zetu."

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Lakini uso wangu uliwaka, maana ile ya bibi ndiyo pekee niliyokuwa naisoma bila kukunja macho. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema:

"Niwekee ile ya juu kabisa."

Fundi akanitazama. "Mama, ya juu kioo hiki kinaibeba kwa shida. Kitakuwa kinapepesa. Unaona? Kinacheza hivi. Halafu umbo lenyewe si lake. Kioo hiki ni nne kwa tatu, yaani upana sehemu nne, kimo sehemu tatu. Hizi mbili za kwanza nazo ni nne kwa tatu, zinakaa. Ile ya juu ni tano kwa nne. Ni sawa na kuvalisha mto foronya ya mto mwingine. Itaingia, lakini lazima ivutike."

"Nitazoea."

"Chukua ya kati basi."

"Kijana wangu, nimesema nitazoea."

Kompyuta ile ilikuwa na kitabia: ukibadilisha ukubwa wa picha inakuuliza kama kweli unataka ibaki hivyo. Ukikaa kimya, baada ya muda mfupi inajirudia yenyewe kwenye ile ya mwanzo. Fundi aliondoa mkono kwenye mausi, akaniachia. Nadhani alitegemea nitakaa kimya. Nikabonyeza ndiyo.

Ramani za mjiolojia zikawa za kwanza kulalamika. Alikuwa anachora duara kila mahali palipochimbwa, na kwenye kioo changu maduara yote yakawa mayai yaliyolala. Akawa anabonyeza vitufe vya chini ya kioo kuibana picha pembeni mpaka maduara yarudi kuwa maduara, lakini hapo unabaki mstari mweusi kila upande na namba zangu zinazidi kuwa ndogo. Akiondoka naivuta tena. Tukawa tunagombania kioo kama watu wanaolala shuka moja.

Macho yangu nayo. Mwanzo yalikuwa yanawasha tu. Baadaye yakawa yanatoa machozi mchana, na kichwa kinagonga nikifika nyumbani. Kioo kilikuwa kinapepesa kweli, kile kipepeso ambacho ukikitazama moja kwa moja hukioni, ukigeuza shingo ndiyo unakiona kinatetemeka kama maji kwenye beseni. Nilikuwa nainama mpaka pua inakaribia kugusa. Ningeweza kurudi kwenye ya kati siku yoyote. Ila nilishasema nitazoea, mbele ya watu, na mimi nikisema jambo huwa silirudishi. Huwa nasifiwa kwa hilo. Si kila mara ni sifa.

Nikaamka Jumapili moja, nikajitazama kwenye kioo cha kuvalia, macho ni mekundu kama pilipili.

Kanisani, wakati wa kupeana amani, mwanamke wa benchi la mbele alinigeukia, akanyoosha mkono, akaona macho yangu, akanipa ncha za vidole. Nikajiambia labda ana mafua hataki kuniambukiza.

Jumuiya yetu ilikuwa inasali nyumba kwa nyumba, zamu kwa zamu, Jumamosi alasiri. Mimi ndiye nilikuwa katibu, kwa hiyo wote waliniita Mama Katibu, na mwenyekiti wetu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuongoza wimbo bila kipaza sauti. Zamu ilipofika kwangu tulisali rozari vizuri, tukaimba, na tulipokaa kusubiri chai, Mama Mwenyekiti akasema:

"Mama Katibu, hayo macho vipi?"

"Kompyuta."

"Kompyuta!" Huyo alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mshona nguo. "Mbona bosi wako hana macho hayo? Au kompyuta inachagua?"

Wakacheka.

"Bosi wake hana mama mkwe," mwingine akasema, na hapo kicheko kikabadilika sauti.

"Ee, Mama Katibu, tuambie kweli," jirani yangu akaendelea. Alikuwa anatania, au alijifanya anatania. "Bibi ameshaanza kukugawia? Maana tunasikia wakishazeeka wanatafuta wa kumrithisha."

Na mimi, mwanamke niliyetoka kushika rozari muda ule ule, nilisema hivi. Nayakumbuka maneno yenyewe.

"Mimi yangu ni ya kompyuta. Msinichanganye na yule."

Nilipoinua uso, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

Hakuangusha kitu. Aliingia taratibu, akaweka sinia mezani, akasema, "Karibuni chai," kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, akatoka. Vikombe vikapoa pale pale. Mmoja alikuwa na mfungo, mwingine tumbo lilimsumbua, jirani yangu akakumbuka kaacha pasi kwenye moto. Nilibaki na sinia limejaa na utando wa maziwa juu ya kila kikombe.

Nilimkuta jikoni, anafuta masufuria ambayo yalikuwa yameshafutwa.

"Mayu," nikamwita, maana kwa Kisukuma mama ni mayu.

"Yule ni nani?" akaniuliza.

"Mayu, mimi—"

"Umesema wasikuchanganye na yule. Nauliza tu. Yule ni nani?"

Nikachukua sufuria moja nikaanza kuifuta na mimi.

Jumatatu niliingia ofisini kabla ya watu, nikafungua pale penye kuchagua ukubwa wa picha, nikarudi kwenye ile ya kati. Kompyuta ikaniuliza, nikabonyeza ndiyo haraka. Kioo kikatulia. Sijui nikuelezeje. Ni kama mashine ya kusaga ya jirani inapozimwa, ndipo unajua ilikuwa inakupigia kelele siku zote. Mjiolojia alipokuja akaona ramani yake, akachukua mfuniko wa kikombe chake akauweka juu ya kioo, ukakaa sawasawa na duara pande zote.

"Mama! Duara limekuwa duara! Umekubali yaishe?"

"Nimekubali."

Baada ya siku chache macho yangu yakaanza kuwa meupe. Nilifurahi, na nitakuambia ukweli, nilifurahi kwa ajili yangu. Nikaenda jumuiya nyumba nyingine nikiwa nimejifunga kitenge kipya, nikatembea uso juu. Wakanipokea kama mtu aliyetoka hospitali.

"Asante Yesu! Mama Katibu amepona!"

"Uliombewa wapi?" jirani yangu akauliza.

"Sikuombewa. Nilibadilisha ukubwa wa picha kwenye kompyuta."

"Haya. Vyovyote ulivyofanya, umechomoka. Sasa bado mmoja."

Nikadhani sikusikia vizuri. Mama Mwenyekiti akanivuta pembeni, karibu na banda la kuku. Yeye alikuwa ananipenda, na ndiyo maana maneno yake yaliniogopesha kuliko ya wale wengine.

"Mama Katibu, nisikilize. Watu walikuwa wanasema wawili. Sasa wanasema mmoja. Wewe ukiwa na macho yale, walikuwa wanajiuliza, maana wanakujua, unasali. Sasa umekuwa mweupe, wameshapata jibu. Vijana wa lindo la mtaa wameniuliza bibi yule ametokea kijiji gani na kwa nini alitoka. Mrudishe kwao, mwenzangu. Mrudishe kabla mambo hayajawa mambo."

Kwao! Kwao ndiko alikokimbizwa.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa siioni barabara. Niliyachukua macho yangu nikayatoa pale kwenye hatari, na yeye nikamwacha peke yake katikati. Lile neno langu, yule, lilikuwa limemtenganisha na mimi mara ya kwanza. Macho yangu kupona kulimtenganisha mara ya pili. Na yote nilikuwa nimeyafanya kwa ajili ya aibu: kwanza aibu ya kuonekana bibi ofisini, halafu aibu ya kuonekana na bibi nyumbani.

Nikamkuta amekaa kitandani kwake anafunga chungu kwenye kanga.

"Unakwenda wapi, Mayu?"

"Nyumbani. Kule wananijua."

"Kule ndiko watakuua."

"Hapa nako hawanywi chai yangu." Akakaza fundo. "Ng'wana wane, mtoto wangu, wewe una kazi, una kanisa lako. Macho yako yamepona. Mimi haya yangu ndiyo haya, hayana pa kubonyeza."

Nilishangaa kwamba alikuwa ananisikiliza siku zote nilipokuwa nahadithia habari za ofisini. Nikashika kile chungu. Nikamwambia haondoki mtu. Akaniambia mimi si mama yake. Nikamwambia leo ndiyo. Tukavutana chungu pale kama watoto, mpaka akachoka akakaa.

Jumatatu ofisini nilifungua tena pale penye kuchagua. Nikasogeza mpaka mwisho. Elfu moja mia mbili themanini kwa elfu moja ishirini na nne. Kioo kikaanza kutetemeka. Kikaniuliza, unataka ibaki hivi? Nikakitazama kile kiswali mpaka kikakaribia kujifuta. Pale kwenye kompyuta ukinyamaza mambo yanarudi yenyewe salama. Nyumbani kwangu nilishanyamaza, na hayakurudi. Nikabonyeza ndiyo.

Mjiolojia alipofika akasimama na begi begani.

"Mama, umerogwa? Mayai yamerudi!"

Neno lile likanichoma, nikamkalisha chini nikamweleza. Nilimweleza yote, mpaka neno yule. Yeye mtu wa Dar, mwanzo alidhani ni hadithi. Alipoelewa, akashusha begi begani.

"Na mimi ndiye niliyesema ile ni ya bibi."

"Ulitania tu."

"Sasa unataka kuyachoma macho yako makusudi?"

"Mpaka jumuiya ije kwangu. Nimeomba zamu, haikuwa yangu, nimeomba. Wakishaondoka nitarudisha."

Hakunibishia. Ramani zake akazihamishia kwenye kile kioo kidogo cha zamani, akainama huko pembeni bila kulalamika.

Sitakuambia kwamba ilikuwa rahisi. Nilikaza macho kwenye namba zile nikisali kimoyomoyo, na machozi yanatoka, sijui ni ya kioo au ya nini. Ilipofika Jumamosi yale macho yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Mama mkwe aliponiona asubuhi alinishika kidevu kama mtoto.

"Umefanya nini?"

"Kazi nyingi."

"Mwongo," akasema.

Walikuja wengi. Nadhani walisikia bibi ameanza kufunga mizigo, wakaja kuona. Tukasali. Nilimwomba mama mkwe akae ndani tulimo, kwenye kiti, karibu yangu. Kila mtu alikuwa anatazama rozari yake ili asitazame macho yetu. Baada ya wimbo wa mwisho nikasimama.

"Mama zangu, dada zangu. Juma lililopita macho yangu yalikuwaje?"

Nikamgeukia yule mshona nguo.

"Jirani, wewe ulisema nimechomoka. Yalikuwaje?"

"Meupe," akajibu, kwa shingo upande.

"Na leo?"

"Si tunaona."

"Leo ni mekundu. Nimeyafanya mwenyewe. Kuna kitu unasogeza kwa kidole, kioo kinapepesa, macho yanaungua. Ukikirudisha, yanapona. Jumatatu nakirudisha, mtayaona tena meupe. Huo ndio uchawi wangu, kama mnautaka njooni ofisini niwaonyeshe. Sasa huyu mama yangu." Nikaweka mkono begani kwake. "Mbele yenu nilimwita yule. Ninyi wote mlisikia, na yeye alisikia. Huyu ni mama wa mume wangu na ni mama yangu. Ya kwangu ni ya kioo, ya kwake ni ya moshi. Mimi ninapo pa kubonyeza, yeye hana. Tofauti yetu ni hiyo basi."

Mtu mmoja akakohoa. Jirani yangu akasema chini kwa chini, "Moshi gani, mbona na sisi tunapika?"

"Wewe unapikia mkaa, dada. Tena uani."

Sikuwa nimepanga zaidi ya hapo. Nilikuwa nimekwisha. Aliyeniokoa ni Mama Mwenyekiti. Aliinuka na mwili wake ule, akajifunga kanga vizuri.

"Bibi, shikamoo. Chai yako ile ya siku ile hatukuinywa. Leo twende nikusaidie kuipika."

Mama mkwe akainuka kitini. "Marahaba," akasema. "Utaweza?"

"Nitashindwaje kupika chai? Huu mwili umetokana na nini?"

Wakaingia jikoni. Lilikuwa jiko la tope, mlango mmoja, dirisha dogo kama kiganja, na mama mkwe alikuwa amekataa katakata mkaa wangu tangu alipofika, akisema chakula cha mkaa hakina harufu. Tukasikia anakoka moto wa miti ya pamba. Moshi ukaanza kutoka chini ya paa. Tukasikia kikohozi. Tukasikia Mama Mwenyekiti anasema, "Bibi, nakufa!" na mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu aje mjini, anacheka. "Bado maziwa," anamwambia. "Kaa hapo. Bado maziwa."

Mama Mwenyekiti alipotoka na sufuria, kamasi na machozi vimechanganyika, macho yamewiva kama ya mtu aliyelia msiba. Akasimama katikati yetu.

"Haya," akasema. "Na mimi nihesabuni."

Waliocheka walicheka. Akamimina, akanywa yeye kwanza. Wengine wakanywa. Jirani yangu hakunywa siku ile, wala hakunywa kwangu tena mpaka alipohama. Na wapo waliokuwa wakipita mbele ya nyumba yangu wanatazama upande wa pili. Siwezi kukuambia watu wote walibadilika, sijaona hivyo. Ila Mama Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kwa vijana wa lindo, akawaambia anayetaka kujua bibi yule wa kwa Mama Katibu ametokea wapi, amuulize yeye. Hawakuuliza tena.

Walipoondoka, mama mkwe alinigeukia kwa hasira. Nilitegemea shukrani.

"Nani alikutuma uyaunguze macho yako? Mimi nimeyapoteza yangu kwa kulisha watoto. Wewe unayapoteza kwa kuonyesha watu?"

"Samahani, Mayu."

"Jumatatu urudishe."

Nilirudisha. Elfu moja ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane, na sikugusa tena mpaka kampuni ile ilipofunga ofisi. Mjiolojia aliniletea kipande cha kioo cha kukuzia, kile wanachotazamia mawe, akakiweka mezani bila kusema neno, nikawa nakitumia kwenye namba ndogo bila kuona haya mbele ya mtu yeyote. Nyumbani nilimwita fundi mwashi akatoboa ukuta wa jiko juu, moshi ukapata njia. Mama mkwe alinuna siku hizo zote, akisema nimemharibia jiko.

Chungu alikifungua. Hakuondoka. Alikaa nami miaka mingi, akazeeka zaidi, na akafa kitandani kwake kwa uzee, mwanawe ameshika mkono wake. Nilimwosha mimi. Macho yake yalikuwa mekundu mpaka siku hiyo, nikayafumba kwa vidole vyangu. Aliniambia wabeja mara nyingi katika miaka ile, asante, kwa maji ya kuoga, kwa uji, kwa kitenge. Kuhusu neno lile hakunitajia tena, na mimi sikupata ujasiri wa kumuuliza kama amelisahau. Nikipiga magoti bado linakuja kabla ya sala zangu nyingine.

Basi, mwenzangu, nakuomba kitu kimoja. Haya usiyaache yaishie hapa. Wahadithie wengine, na hasa wale wenye mama mzee jikoni, na wale wa vijiji vyetu ambako watu bado wanahesabu macho ya bibi zao. Uwahadithie kwa sauti, akiwepo na bibi mwenyewe, na ukifika pale nilipomwita yule, usiparuke.